SOMO LA WIKI: Otofokasi au fokasi ya kudumu? Pima umbali kabla ya kulipia kamera

Mfanyabiashara anayeagiza programu ya kusoma bidhaa kwa kamera kwa kawaida huuliza maswali mawili: kamera ina megapikseli ngapi, na bei yake ni kiasi gani. Swali la tatu, ambalo ndilo huamua kama fedha zake zitarudi, mara nyingi halipati nafasi mezani. Swali lenyewe ni hili: kitu kitakachopigwa picha kitakuwa umbali gani kutoka kwenye lenzi, na je, umbali huo utabadilika?

Somo letu la wiki hii linahusu uchaguzi ambao kila mtengenezaji wa programu za kamera hukutana nao, yaani otofokasi au fokasi ya kudumu. Tunaliweka katika ukurasa huu wa biashara kwa sababu anayelipa gharama ya uchaguzi mbaya si fundi. Anayelipa ni mwenye duka aliyetoa mtaji, pamoja na mwekezaji mdogo aliyenunua sehemu ya kampuni inayouza programu hiyo.

Maana ya maneno haya mawili

Fokasi ya kudumu ni pale lenzi inapofungwa mahali pamoja kiwandani na haisogei tena. Kwa kawaida hupangwa ili vitu vilivyo mbali kiasi, mathalani kuanzia mita moja hadi upeo wa macho, vionekane vizuri. Haina injini, haichelewi, haitumii umeme wa ziada, na picha ya leo inafanana na ya kesho.

Otofokasi ni pale lenzi inaposukumwa mbele na nyuma na injini ndogo mno yenye waya uliosokotwa na sumaku. Kamera hutafuta yenyewe mahali ambapo picha ni safi. Njia ya zamani ni kujaribu na kulinganisha: lenzi husogea, kamera hutazama kama picha imeboreka, husogea tena, hupita kiasi, kisha hurudi. Njia mpya zaidi hulinganisha mwanga unaopita pande mbili za lenzi, hivyo kamera hujua mapema isogee upande gani na kwa kiasi gani. Hata hivyo, njia zote mbili hupata taabu penye giza au mbele ya kitu kisicho na michoro, kwa mfano katoni nyeupe.

Hesabu ya kaunta

Tuache maneno, tuingie kwenye tarakimu. Chukulia mfanyabiashara mwenye maduka matatu anayetaka kifaa cha bei nafuu cha kuhesabu bidhaa kwa kusoma bakodi, ile mistari myeusi na myeupe iliyo kwenye pakiti. Fundi wake anachagua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi pamoja na kamera yake ya toleo la pili iliyotoka mwaka 2016. Kamera hiyo ina megapikseli 8 na fokasi ya kudumu. Lenzi yake ina urefu wa fokasi wa milimita 3.04.

Bakodi ya kawaida ya dukani, ile yenye tarakimu 13, ina mistari ambayo mwembamba wake una upana wa milimita 0.33 katika ukubwa wa kawaida. Ili programu iusome bila kubahatisha, mstari huo unahitaji kuchukua pikseli mbili au zaidi katika picha.

Tuweke bidhaa mita 1 kutoka kwenye kamera. Katika umbali huo kamera hii huona eneo lenye upana wa takriban mita 1.2, na mstari mwembamba unapata chini ya pikseli moja. Picha ni safi, lakini mistari ni midogo mno na bakodi haisomeki.

Tusogeze bidhaa hadi sentimita 30. Sasa mstari mwembamba unapata pikseli 3, na hesabu inaonekana nzuri. Lakini iwapo lenzi imefungwa kwenye umbali wa mita 2, kila nukta ya picha inatawanyika hadi upana wa karibu pikseli 12. Ukungu wa pikseli 12 juu ya mstari wa pikseli 3 maana yake ni kwamba mistari minne imechanganyika kuwa kitu kimoja. Bakodi haisomeki tena, safari hii kwa sababu nyingine.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wanaona picha mbaya, wanaagiza kamera yenye megapikseli nyingi zaidi, na tatizo linabaki palepale. Megapikseli zaidi kwenye lenzi isiyolenga zinakupa ukungu ule ule uliogawanywa katika vipande vidogo zaidi.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni kununua kamera ya otofokasi. Ya pili, ambayo wachache huikumbuka, ni kuibakiza kamera ile ile na kubadili mahali lenzi ilipofungwa. Lenzi ya toleo hilo la pili inaweza kuzungushwa kwa kifaa kidogo cha plastiki. Ukiifunga kwenye sentimita 30, picha inakuwa safi kuanzia takriban sentimita 26 hadi 35. Hiyo ni nafasi ya sentimita 9 tu, lakini kama kaunta yako ina kibao ambacho kila bidhaa huwekwa juu yake, sentimita 9 zinatosha kwa pakiti ya chai na kwa mche wa sabuni.

Bei ya kamera si gharama ya kamera

Zamani hoja kubwa ya kuchagua fokasi ya kudumu ilikuwa bei. Katika bidhaa hizi hoja hiyo imepungua nguvu. Toleo la pili la kamera ya Raspberry Pi lilitangazwa mwaka 2016 kwa dola 25 za Marekani. Toleo la tatu, lenye otofokasi na karibu megapikseli 12, lilitangazwa Januari 2023 kwa dola zile zile 25, na lile la lenzi pana kwa dola 35. Toleo la tatu la kawaida hulenga kuanzia takriban sentimita 10, na lile la lenzi pana kuanzia takriban sentimita 5.

Msomaji atasema basi mjadala umekwisha, kila mtu anunue otofokasi. La hasha. Gharama imehama kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye saa za kazi. Kamera ya otofokasi humpa mtengenezaji wa programu kitu kimoja zaidi cha kusimamia. Lenzi ilenge mara moja ikiamriwa, ilenge muda wote, au ifungwe kwa amri? Ikilenga mkono wa karani badala ya bidhaa, programu ifanye nini? Ikianza kuhangaika mbele na nyuma wakati mteja yuko mbele ya kaunta, programu isubiri sekunde ngapi kabla ya kujaribu tena? Kila jibu ni saa za kazi, na saa za fundi mzuri ni ghali kuliko lenzi.

Aidha, kuna foleni. Kamera ikichukua sekunde moja kutafuta fokasi kwa kila bidhaa, na duka likisoma bidhaa 1,200 kwa siku, hizo ni dakika 20 za karani kila siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni saa 8 na dakika 40, yaani mshahara wa siku nzima unaolipwa kwa kusubiri lenzi. Fokasi ya kudumu kwenye kibao cha umbali unaojulikana haina hasara hiyo.

Panapotakiwa vipimo, lenzi isisogee

Lipo eneo moja ambalo otofokasi isiyodhibitiwa huleta hasara ya kimya kimya: kupima ukubwa wa vitu kwa picha. Mashine ya kupanga matunda kwa daraja ni mfano mzuri, na programu ya kukadiria ukubwa wa mizigo ni mfano mwingine.

Lenzi inaposogea mbele ili kulenga kitu cha karibu, umbali kati yake na kipande kinachopokea mwanga huongezeka, na picha inakua kidogo. Kwa kamera ile ya toleo la tatu, ambayo lenzi yake ina urefu wa fokasi wa milimita 4.74, tofauti kati ya kulenga mbali kabisa na kulenga sentimita 10 ni takriban asilimia 5. Kama fundi alisawazisha vipimo lenzi ikiwa imelenga mbali, kisha otofokasi ikasogeza lenzi wakati wa kazi, tunda la milimita 60 linaweza kuandikwa milimita 63. Iwapo mpaka wa daraja la kwanza ni milimita 62, umelilipa tunda la daraja la pili bei ya daraja la kwanza. Mashine haitapiga kengele. Hasara itaonekana mwisho wa msimu.

Kwa kazi ya namna hii kanuni ni moja. Funga fokasi, sawazisha vipimo, kisha usiiguse. Inaweza kuwa lenzi ya kudumu, au otofokasi iliyofungwa kwa amri ya programu. Njia hii ya mwisho ina faida kwamba fundi anaweza kuipanga upya bila kufungua kifaa.

Somo la soko kutoka Marekani

Kwa wasomaji wanaowekeza katika kampuni changa za programu, kuna kisa kinachostahili kukumbukwa. Simu ya kwanza ya iPhone, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 yenye fokasi ya kudumu. Iliyofuata mwaka 2008, iPhone 3G, ilikuwa vivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 2008 simu ya kwanza ya Android iliyouzwa, T-Mobile G1, ilikuja na kamera ya otofokasi, na mapema tu zikapatikana programu za kulinganisha bei kwa kusoma bakodi kama ShopSavvy. Wenye iPhone walikosa huduma hiyo kwa sababu bakodi ikiwa karibu ilionekana kama wingu.

Kampuni ndogo ya Occipital iliona nafasi hapo. Mwaka 2009 ilitoa programu ya RedLaser, iliyotumia hesabu kuitambua bakodi hata ikiwa na ukungu. Udhaifu wa lenzi ukageuka mtaji wa kampuni. Lakini Juni mwaka huo huo Apple ikatoa iPhone 3GS yenye otofokasi, na ule udhaifu ukaanza kutoweka sokoni. Mwaka 2010 kampuni ya eBay iliinunua RedLaser.

Mwekezaji apate fundisho hapa. Faida inayojengwa juu ya kasoro ya kifaa cha mtu mwingine ina muda wake, na muda huo hauko mikononi mwako. RedLaser ilikwisha kujipatia jina na watumiaji kabla dirisha halijafungwa, kisha ikapata mnunuzi. Ukiletewa pendekezo la kampuni inayojivunia kusoma picha mbaya kuliko wengine, uliza: kamera za simu za bei nafuu zikiboreka, kampuni itabaki na nini cha kuuza?

Wateja wanaopotea bila kelele

Sasa tuje kwenye simu, kwa kuwa programu nyingi za biashara hutumia kamera ya simu ya mteja mwenyewe. Hapa mtengenezaji wa programu hachagui kamera. Anachagua ni simu zipi atazikubali, na uchaguzi huo unaweza kufanyika bila yeye kujua.

Katika mfumo wa Android, programu inapoomba ruhusa ya kutumia kamera, duka la Google Play huchukulia kwamba programu hiyo inahitaji pia otofokasi, isipokuwa mtengenezaji ameandika wazi kwamba si lazima. Simu au tableti isiyo na otofokasi haioneshwi kabisa programu hiyo. Mteja hapati ujumbe wa kosa, wala mwenye biashara hapati malalamiko. Anachoona ni idadi ndogo ya watumiaji, naye anadhani tatizo ni matangazo.

Wanaoathirika ni wenye vifaa vya bei ya chini, ambao kwa biashara nyingi za rejareja ndio wateja wenyewe. Dawa ni mstari mmoja wa maandishi ndani ya programu unaosema kwamba otofokasi si sharti. Lakini usiishie hapo, kwani mteja huyo sasa ataifungua programu na kuelekeza kamera yake kwenye bakodi ndogo isiyosomeka. Inatakiwa njia ya pili: aandike tarakimu kwa mkono, au apewe msimbo wa QR uliochapishwa kwa ukubwa wa kutosha kusomeka kutoka mbali kidogo. Msimbo wa kulipia uliobandikwa ukutani unaweza kuchapishwa mkubwa upendavyo. Ule ulio kwenye risiti ya mashine ya EFD nchini Tanzania au ankara ya eTIMS nchini Kenya huwezi kuubadili ukubwa, kwa hiyo programu ya kuzikagua risiti hizo inahitaji kamera inayolenga karibu.

Simu yenyewe inaweza kuulizwa uwezo wake. Katika Android kuna kipimo cha umbali wa karibu zaidi ambao lenzi inaweza kulenga. Kikiwa 0, fokasi ni ya kudumu. Katika simu ambazo kipimo hicho kimesawazishwa, 5 maana yake ni sentimita 20 na 10 ni sentimita 10. Programu nzuri husoma tarakimu hiyo kwanza, kisha humwelekeza mteja ipasavyo.

Wala simu ya bei kubwa si kinga. Kadiri kipande kinachopokea mwanga kinavyokuwa kikubwa, ndivyo kamera kuu inavyoshindwa kulenga vitu vya karibu sana. Katika simu za iPhone za mwaka 2020, kamera kuu ya iPhone 12 Pro ililenga kuanzia sentimita 12, na ya iPhone 12 Pro Max, yenye kipande kikubwa zaidi, kuanzia sentimita 15. Mwaka 2021, katika iOS 15, Apple iliwapa watengenezaji wa programu njia ya kukisoma kipimo hicho, pamoja na ushauri wa kukuza picha ili mtumiaji avutike kurudi nyuma badala ya kusogea karibu mno. Otofokasi ina mpaka wake.

Vilevile kamera ya mbele ya simu, ile ya kujipiga picha, kwa miaka mingi imekuwa ya fokasi ya kudumu katika simu nyingi, ikipangwa kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Apple iliweka otofokasi mbele katika iPhone 14 ya mwaka 2022. Kwa hiyo programu ya kusajili wateja iutumie upande wa mbele kwa uso, na kitambulisho kipigwe kwa kamera ya nyuma. Kumlazimisha mteja ainue kitambulisho mbele ya uso na kutaka maandishi yasomeke ni kutafuta usajili unaokataliwa.

Uamuzi kwa ufupi

Kama bidhaa hukaa umbali ule ule kila mara, chagua fokasi ya kudumu iliyopangwa kwenye umbali huo, si ule wa kiwandani. Utaokoa muda wa karani na saa za fundi.

Kama umbali hubadilika, mathalani karani anatembea na kifaa kati ya rafu, chagua otofokasi, na utenge fedha za kuijaribu penye mwanga hafifu.

Kama kazi ni kupima ukubwa, lenzi ifungwe, iwe ni ya aina gani.

Kama kamera ni ya mteja, usichague kwa niaba yake. Ruhusu zote mbili, na uwe na njia ya pili kwa asiye na otofokasi.

Kabla hujatia saini mkataba na mtengenezaji wa programu, omba mambo manne yaandikwe: umbali wa chini na wa juu ambao kifaa kitasoma, upana wa mstari mwembamba zaidi kitakaousoma, muda wa juu wa kusoma bidhaa moja, na mwanga wa mahali pa majaribio. Majaribio yafanyike dukani kwako, jioni, kwa bidhaa zako mwenyewe, si ofisini kwake mchana. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na masharti hayo, kwani atakuwa amekwisha kuyapima. Asiyeweza kuyajibu, malipo yake ya kwanza yasubiri. Kipimo cha kuanzia hakina gharama: chukua utepe wa fundi cherehani, upime kutoka pale kamera itakapokaa hadi pale bidhaa itakapokaa, uiandike tarakimu hiyo, kisha ndipo uulize bei.